Diwani wa Siku Gani?

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limekubali kukunjika, na hayo masikio yako yaliyogombana na simu bado yanasikia kengele ya mlangoni. Sisi huku wazima, ila nyumba ndiyo inayoumwa.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha mchana kutwa. Mtaro wa mtaa wetu ukafurika, na maji yakaingia moja kwa moja chumba cha mbele, kile ambacho wifi yako anashonea. Mimi sikuwepo. Nilikuwa hospitali ya mkoa, kwenye ile kazi ya kuweka mfumo mpya wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Wifi yako na binti yetu wa mwisho walipandisha cherehani zote mbili kitandani kwetu, na vitambaa vya wateja wakavitundika hadi kwenye fimbo ya pazia. Niliporudi na begi langu nilikuta kitanda kimelaliwa na cherehani. "Subiri zikauke," wifi yako akaniambia, "leo zimechoka kuliko wewe." Ukutani kuna mstari wa tope unaonifika magotini.

Sasa sikia habari yenyewe. Jumapili walikuja wageni watatu: dereva wa lori anayekaa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu, na mama mwenye duka la kona. Wakakaa, wakakohoa, utadhani wamekuja kuposa. Mwalimu ndiye aliyeanza. "Mtaalamu," maana ndivyo wanavyoniita mtaani, "zaidi ya miaka ishirini unazunguka ukitengeneza mifumo ya watu. Mfumo wa kwetu ataurekebisha nani?" Diwani wetu hagombei tena, na wanataka nigombee mimi. Wanasema nimesoma, najua kuongea na wakubwa, na mtaro huu hautazibuka kwa dua peke yake.

Dada, sikufichi. Kifua kilijaa. Kazini mimi ni mtu wa kuitwa mambo yakiharibika. Yakishatengemaa, hakuna anayeikumbuka sura yangu. Hawa walinitazama usoni wakasema tunakutaka wewe. Nikawakubalia palepale.

Naomba baraka zako. Wewe ndiye uliyenilea, na siwezi kuanza jambo kubwa hivi bila neno lako.

Mdogo wako

*

17 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo linalojifanya mzee kuliko mwenyewe. Kengele ya mlango naisikia vizuri. Watu ndio siwasikii, na wengine ni heri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikaenda kumsomea jirani. Mara ya pili nikatafuta mahali ulipoandika wifi amesemaje. Nikageuza karatasi nikidhani umeandika nyuma. Hamna. Kwenye habari ya kupandisha cherehani yumo, kwenye habari ya udiwani hayumo hata nusu mstari. Hao wageni walipokuja yeye alikuwa wapi? Jikoni, anawachemshia chai? Na wewe ukaitikia kabla hata vikombe havijafika mezani?

Mshika mbili moja humponyoka, walisema. Wewe una kazi, una nyumba, na sasa unataka na kata. Hesabu mikono yako halafu uniandikie.

Sikukatazi. Mitaro haijichimbi yenyewe, lazima mtu asimame. Hata mimi enzi zangu za ukunga nilipigania taa za wodi ya wazazi mpaka mganga mkuu akawa akiniona kwa mbali anabadili njia. Lakini mimi nilikuwa nikiamua jambo, wa kugombana naye ni paka. Wewe una mwenzio.

Baraka zangu unazo, ila kwa sasa nimeziweka juu ya kabati. Zitashuka siku utakayoniambia wifi amesema nini. Na uniandikie neno lake kama alivyolisema, si kama ulivyotaka kulisikia.

Dada yako

*

12 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Huku hatujambo. Binti yetu wa mwisho anajiandaa na mitihani, amejifungia na vitabu, na kumwona ni mpaka uombe miadi.

Nilizungumza na wifi yako siku ileile barua yako ilipofika. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua macho. Nakuandikia kama alivyosema.

"Utakuwa diwani wa siku gani?"

"Siku gani kivipi?"

"Jumatatu unaondoka. Ijumaa unarudi. Jumamosi unalala. Jumapili unapiga pasi mashati ya Jumatatu. Watu wa kata waje lini?"

Nikamwambia nitajipanga. Akacheka, dada, wala si kwa ubaya. "Mimi nimekuzoea kwa mafungu," akasema. "Hawa hawajakuzoea." Kisha akakata uzi kwa meno. "Gombea. Sikukatazi. Ila ukienda kwa watu, nenda mzima mzima."

Hayo ndiyo maneno yake. Tangu hapo hajayarudia, na mimi sijayasahau.

Basi nikaingia kwenye kampeni. Mkutano wa kwanza niliazima projekta ya ofisini, nikatundika shuka ukutani, nikaandaa michoro ya mtaro kwa rangi tatu: maji yanatoka wapi, yanakwama wapi, yanarudi wapi. Kazi safi kabisa. Watoto wakakaa mbele wakidhani ni sinema. Nilipofika mchoro wa pili mmoja akauliza kwa sauti, "Mapigano yanaanza saa ngapi?" Uwanja mzima ukacheka, nami nikabaki nimeshika rimoti kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mama wa duka akanivuta pembeni: "Mtaalamu, hii si semina. Shika watu mikono."

Sasa kila Jumamosi napita nyumba kwa nyumba, nashika mikono. Dada, nina aibu kidogo kukuambia, lakini ninafurahia. Jirani yangu wa mbele, bibi yule mwenye kofia ya sufu, kumbe jicho moja halioni. Ananisalimia miaka yote akinigeuzia upande, na mimi nilidhani ana maringo.

Kuna jambo moja tu linanikaba. Mkurugenzi wa kampuni amepanga mfumo wa hospitali uwashwe wiki ya mwisho ya kampeni. Kura ni Jumapili ya tarehe ishirini na sita Aprili, na mkutano wetu mkubwa ni Jumamosi, siku moja kabla. Anayeujua mfumo ule ndani na nje ni mimi. Nimemwambia hakuna neno. Nitauwasha Jumanne, Ijumaa niko nyumbani, Jumamosi niko jukwaani. Nimeshachora ratiba, na inakubali.

Mdogo wako

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ratiba inakubali! Ratiba ni karatasi, itakataaje?

Nikuambie kisa. Kuna siku nilikuwa zamu na wazazi wawili, kila mmoja chumba chake, na wote wakaiva pamoja. Nikawa mguu huku, mguu kule. Nikifika kwa huyu nawaza yule. Nikifika kwa yule nawaza huyu. Mama mmoja, katikati ya uchungu, akanishika kanga akaniambia, "Dada, kaa au uende. Hivi unavyofanya unanitia hofu." Nikakaa. Yule mwingine nikampelekea muuguzi niliyemwamini kama mkono wangu. Watoto wote wakalia, na mimi nikajifunza: kinachomwumiza mtu si kuachwa na mmoja, ni kuwa na mtu ambaye yupo nusu.

Siku itafika, kazi na siasa vitaiva pamoja. Siku hiyo usikimbie korido. Kaa pale ambapo mtu anaweza kufa, na kule kwingine mpeleke unayemwamini. Unaye, tena umelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, ukiondoa siku za cherehani.

Maneno ya wifi nimeyapenda. Nimeyasoma kwa sauti hapa peke yangu. Kwa ajili yake baraka zimeshashuka kabatini.

Ninakuja. Nitafika tarehe ishirini Aprili, nataka kuona uchaguzi huo kwa macho kwa kuwa masikio yameshastaafu. Usiseme utakuja kunipokea stendi, tusidanganyane. Nimeshamwandikia wifi.

Dada yako

*

Ijumaa, 24 Aprili
Hospitali ya mkoa

Dada,

Shikamoo. Samahani, salamu fupi. Najua uko nyumbani kwangu, umefika salama, na mimi sijakuona hata sura. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la korido, karatasi nimeiweka juu ya begi la kompyuta. Dereva wa gari la hospitali anakuja huko leo kuchukua vifaa, ataileta mkononi, na keshokutwa anarudi huku.

Mfumo tuliwasha Jumanne kama nilivyopanga, ukaenda vizuri. Juzi muuguzi anayezunguka wodi ya wanaume na ya watoto akaniita. "Mkuu, njoo uone. Mfumo wako unasema babu huyu ana ujauzito wa miezi saba." Tukacheka wote, na babu mwenyewe akacheka. Kisha akafungua ukurasa wa mgonjwa mwingine, na hapo kicheko kikakata. Mtoto mdogo alikuwa ameandikiwa dozi ya mtu mzima. Tulipohamisha kumbukumbu kutoka mfumo wa zamani, baadhi ya wagonjwa wamevaliana taarifa. Muuguzi yule hakutoa dawa kwa sababu ana macho. Zamu inayofuata je?

Tumerudi kwenye makaratasi kwa muda, na mimi na wenzangu wawili tunapita kitanda kwa kitanda, tunamuuliza kila mtu yeye ni nani, tunarekebisha mmoja mmoja. Haitaisha kesho. Pengine hata keshokutwa.

Nilimpigia wifi yako. Akauliza, "Ukiondoka, kuna mtu anaweza kudhurika?" Nikasema ndiyo. "Basi kaa," akasema, akakata simu. Mwalimu nimemwomba aahirishe mkutano, akasema haiwezekani, kesho ndiyo siku ya mwisho inayoruhusiwa.

Dada, nimekaa, kama ulivyosema. Lakini moyo hauko sawa. Watu walinipa imani yao na mimi nawaacha uwanjani. Na wifi yako kwenye simu ananiambia "tuko salama" tu, basi. Niandikie wewe. Nini kinaendelea hapo?

Mdogo wako

*

Jumapili, 26 Aprili
Nyumbani kwako

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole sana. Barua yako ilifika kabla ya jua kuzama juzi ileile. Wifi aliisoma kwanza, akanipa, akarudi kwenye cherehani bila neno. Nikajua kuna jambo analishona kichwani.

Sasa tulia nikusimulie ya jana.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Mpinzani wako, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ametoka kuutumia asubuhi kwa muziki na fulana, kwa hiyo watu walikuwa wamechangamka. Mimi niliketi mstari wa mbele, chini ya kipaza sauti kabisa, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilisikia kila neno; ya huko nyuma binti yako alinirudishia sikioni. Mwalimu akasimama, akasema mgombea wetu amepatwa na dharura ya kikazi. Weee! Minong'ono ikaanza. Mtu akapaza sauti, "Hata kura hazijapigwa ameshasafiri!" Watu wakaangua kicheko, si kile kizuri. Wengine wakaanza kukunja viti.

Wifi akainuka. Wifi huyu huyu ambaye kwenye harusi hujificha nyuma ya mpiga picha. Pini bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Akaenda mpaka kwenye kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili kama chungu cha moto.

"Mnanijua," akasema. "Na mimi wengi wenu nawajua mpaka kiuno."

Watu wakacheka. Waliokunja viti wakavikunjua.

"Mume wangu hayupo. Sitaki mwende nyumbani mkiulizana dharura gani. Yuko hospitali ya mkoa. Mashine zimechanganya wagonjwa, na yeye anawatenganisha mmoja mmoja. Nani hapa ana ndugu yake amelazwa kule?"

Mikono ikainuka, ikazidi kuinuka.

"Nimwite aje awapungie?"

Mikono ikashuka, mdogo wangu, mmoja mmoja.

Ndipo fundi baiskeli akasimama kule nyuma. Hakusema kwa ujeuri. "Mama, tumekuelewa, na Mungu amsaidie. Lakini diwani asiyekaa atatusaidia nini?"

Nikajua sasa atakutetea. Wapi! Akasema, "Swali zuri. Hata mimi nilimuuliza." Uwanja ukapasuka kwa kicheko, kile kizuri sasa. Akangoja kiishe. "Jibu mtalitoa wenyewe kesho, siwashiki mikono. Lakini mvua haisubiri matokeo. Ashinde huyu, ashinde yule, mtaro umeziba vilevile. Mimi kesho nikishapiga kura natoka na koleo, naanzia mlangoni kwangu. Sijui nitafika wapi. Asiyetaka maji yalale kitandani kwake, tukutane."

Akarudi akakaa. Akalikamata goti langu kwa mikono miwili, tena lile bovu. Sikupiga kelele. Kwa siku ile angeweza kulivunja.

Utaona kwamba hakuwaambia wakuchague. Nilimuuliza tukiwa njiani. Akasimama, akaziba mdomo. "Wifi, nilisahau!"

Leo asubuhi amepiga kura, ametoka na koleo. Nilimchungulia dirishani nikimwonea huruma, mtu mmoja na mtaro mrefu vile. Kisha akaja mama wa duka. Akaja dereva na lori lake la kubebea taka. Fundi baiskeli amekuja na majirani zake wote. Hata mpinzani wako ameleta toroli mbili kutoka dukani kwake, na amekunja suruali. Binti yako ameacha vitabu, yuko ndani ya mtaro mpaka kiunoni, anaimba. Mimi nimepewa kazi ya kusimamia, yaani kukaa kwenye kiti na kunyooshea watu kidole. Ninaiweza.

Dereva wa hospitali anapiga honi. Umekosa hata kura yako mwenyewe, lakini usihuzunike. Kaa na wagonjwa wako.

Dada yako

*

15 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ulifika kwako salama na paka amekubali kukusamehe.

Matokeo unayajua. Nimeshindwa, na si kwa kura za kubishania. Mwenye duka la vifaa ndiye diwani wetu, na alikuja mwenyewe kunipa mkono. Sisemi uongo, iliniuma. Niliposikia nilikuwa wodi ya watoto nahakikisha jina la mgonjwa wa mwisho. Yule muuguzi mwenye macho aliniuliza mbona nimebadilika rangi, nikamwambia nimeshindwa uchaguzi. Akaniwekea mkono begani. "Pole. Lakini babu wetu hana mimba tena." Nikacheka mpaka machozi, na sijui yalikuwa machozi ya nini hasa. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyedhurika. Hilo nalishika.

Nikarudi nyumbani nikiwa mnyonge. Nikakuta mtaa siujui. Mtaro umezibuliwa mpaka barabara kubwa, na watu wamekaa kingo zote mbili wakipiga soga kama wako ufukweni.

Sasa sikia kichekesho. Jumapili nikachungulia dirishani, nikaona wale wageni watatu wanakuja tena: dereva, mwalimu, mama wa duka. Nikasema hawa watu ni waungwana, wamekuja kunipa pole. Nikavaa shati safi, nikawafungulia, nikawapangia viti. Wakakaa, wakakohoa. Nikaanza, "Jamani, asanteni, mimi nimeyakubali matokeo..." Mwalimu akatazama chini. Mama wa duka akasema, "Samahani, Mtaalamu. Leo tumekuja kwa mama."

Dada, nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Wanataka agombee uenyekiti wa mtaa. Uchaguzi ni Agosti. Nilikuwa nasikia kupitia mlango. Wifi yako hakusema ndiyo wala hapana. Aliwaambia, "Mna haraka gani? Kwanza nizungumze na mwenzangu." Nikasimama na birika mkononi, uso unanichoma.

Walipoondoka akaja jikoni. "Nataka," akaniambia. "Nimeshangaa mwenyewe, lakini nataka. Ila nina wateja, binti ana mitihani, na mimi ni mmoja. Wewe ukiwepo, naweza. Usipokuwepo, siwezi, na sitajidanganya kwamba naweza. Sikulazimishi. Nauliza tu: utakuwepo?"

Siku mbili kabla ya hapo mkurugenzi alikuwa ameniita. Baada ya ile kazi ya kitanda kwa kitanda, hospitali imemwambia haitaki mtu mwingine. Wananipa hospitali zote za kanda, miaka mitatu, niwe kiongozi wa kazi nzima. Dada, hiyo ndiyo kazi niliyoitafuta tangu nilipoanza na kompyuta moja ya kuazima. Sijamjibu mkurugenzi. Na wifi yako sijamjibu.

Nifanye nini?

Mdogo wako

*

28 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, paka mzima.

Nilikufundisha kutembea, kufunga kamba za viatu, na kuomba radhi. Hili silifundishi. Swali umeulizwa wewe, jikoni kwako, na aliyekuuliza anasubiri huko, si huku kwangu. Acha kuandika barua, nenda ukajibu.

Ukishajibu, na ukishaishi na jibu lako muda wa kutosha kujua kama ni la kweli, uniandikie. Kabla ya hapo sitaki kusikia ratiba.

Dada yako anayekupenda

*

18 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umenisubiri. Wifi yako ameniambia mmekuwa mkiandikiana pembeni, kwa hiyo matokeo ya Agosti unayo: amepita, na mpinzani wake alimpigia makofi. Lakini uliniambia niandike nikishaishi na jibu langu, nami nimelitii hilo neno.

Nilimjibu siku barua yako ilipofika. Nilisema, "Nitakuwepo." Akanitazama kama anayepima kitambaa. "Mzima mzima?" Nikasema ndiyo. Kesho yake nikaenda kwa mkurugenzi, nikamwambia uongozi wa kazi ile apewe mwenzangu, yule mwanadada niliyemfundisha tangu anatoka chuoni, ambaye kule hospitali alipita na mimi kila kitanda. Mkurugenzi akaniuliza kama ninaumwa. Tukabishana, tukaelewana. Sasa mimi ni mshauri wake. Nafanyia kazi chumbani, meza iko dirishani. Pakiharibika kweli naenda, na nikienda, wifi yako anajua kabla ya mkurugenzi.

Sitakuambia ni asali tupu. Mfumo ulipozinduliwa kwenye hospitali ya pili, walinitumia picha. Hotuba, makofi, mwanadada amesimama katikati anang'aa. Nilifurahi, nikafunga kompyuta, nikaenda kukaa uani peke yangu. Mshahara umepungua, nao mfuko unajua. Na kukaa nyumbani kumbe ni kazi yenye mitego yake. Mwezi uliopita nilipika, nikapakua, nikafunika, nikangoja. Kikao chake kikapitiliza. Alipoingia chakula kimepoa na mimi nimenuna. Akavua viatu, akaniangalia, akasema, "Karibu."

"Karibu wapi?"

"Huku nilikokaa mimi."

Nikataka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Tukakila kikiwa baridi.

Anafanya kazi vizuri, dada. Hana maneno mengi. Watu wanakuja kupimwa nguo, na akiwa amewazungushia futi kifuani wanamweleza yote, ya taa za barabarani, ya jirani aliyejenga ukuta kwenye njia. Amemweka diwani kwenye mstari mpaka amekubali kuleta vifuniko vya mtaro. Mimi namtengenezea kumbukumbu za vikao kwenye kompyuta. Juzi nilimpendekezea michoro ya rangi tatu. Akaniambia, "Baba, hapana."

Mitihani ya binti imekwisha. Sasa milango iko wazi na tunamwona bila miadi.

Leo mchana nilikuwa chumbani, niko kwenye simu na mwanadada wa kazini tunatafuta kosa kwenye mfumo. Mlango wa mbele ukagongwa. Nikasikia sauti ya yule bibi jirani, mwenye kofia ya sufu, anauliza, "Mama yupo?" Binti akasema mama ameenda kikaoni. "Na baba?"

Dada, mtoto huyu tangu ajue kusema, akiulizwa swali hilo mlangoni, jibu lake lilikuwa moja: amesafiri. Alilisema kwa kuimba, kama shairi la shule. Leo sikumsikia hata akinyanyuka kitini. Alisema, "Yupo," kwa sauti ya mtu anayeambiwa ataje rangi ya ukuta, kisha nikasikia akifunua ukurasa wa kitabu chake cha hadithi.

Nikamwambia mwanadada anisubiri kidogo, nikatoka sebuleni. Bibi alikuwa ameshika sketi yenye zipu iliyoharibika. Nikamwambia zipu siziwezi, lakini aketi, nitamletea chai. Akaketi. Tumepiga soga mpaka wifi yako amerudi.

Mdogo wako